Barua za Wazazi Walioko Shamba

Barua zile niliandika mimi. Nimeulizwa ofisini na kwenye vikao, na jibu langu halijabadilika: kwa mkono wangu, kwa kalamu yangu, na mtoto akiumwa leo nitaandika tena.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi pale Ifakara, upande wa Mlabani. Nesi hatukuwa naye. Kwa kuwa nilikuwa mwanamke na mgeni kazini, nikakabidhiwa sanduku la huduma ya kwanza na kuitwa mwalimu wa afya. Ndani mlikuwa na bendeji, dawa ya vidonda na vidonge vya klorokwini, basi. Sheria ya shule ilikuwa tamu kuisikia: mtoto mgonjwa abaki nyumbani, na akirudi alete barua ya mzazi. Asiye na barua ni mtoro, na mtoro ni viboko.

Sasa niambie, msimu wa mpunga mzazi yuko wapi? Mvua zikianza, watu walivuka mto kwa mitumbwi wakahamia kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, wakalima na kulinda mpunga mpaka mavuno. Watoto wa shule waliachwa mjini na mchele ndani ya debe, mkubwa akimpikia mdogo. Sisi tulikuwa tunadai barua kutoka kwa watu walioko ng'ambo, safari ya siku nzima. Na tulijua! Nusu ya walimu walikuwa na mashamba huko huko. Hata mimi mwaka wa kwanza nilichapa, na hilo naliona aibu hadi leo.

Watoto si wajinga. Waliona heri kuumwa shuleni kuliko kupona nyumbani na kuchapwa. Homa ikipanda, mtoto anavaa sare, anakuja kulaza kichwa kwenye dawati. Mmoja akija na surua, wiki ya pili darasa zima linakohoa.

Asubuhi moja mstarini mwalimu mkuu alimwita mbele msichana wa darasa la nne. Siku mbili hakuonekana. Alisimama juani anatetemeka.

"Barua iko wapi?"

"Mama yuko shamba, mwalimu."

"Nyoosha mkono."

Nilisogea nikamgusa shingo. Alikuwa anaungua. Nikasema mbele ya shule nzima, "Mwalimu mkuu, huyu hachapwi." Akaniambia tutaonana ofisini. Nikamjibu tuonane, lakini nikitoka hospitali, nikampakia mtoto kwenye baiskeli.

Ilikuwa malaria kali. Kwao alikuwepo kaka yake wa darasa la sita tu, kwa hiyo nikamlaza kwangu mpaka alipoanza kuomba chakula mwenyewe. Aliporudi shule alikuwa na barua: mtoto alikuwa mgonjwa, mimi mzazi wake, na sahihi yangu chini. Wengine wakasikia, wakaja. Niliyemkuta mgonjwa nilimwandikia akalale. Aliyejisingizia nilimrudisha darasani haraka sana.

Mwalimu mkuu alinyanyua barua zile kwa ncha za vidole. "Unaghushi. Nitakuombea uhamisho."

"Niombee," nikasema. Ili apate ushahidi, akatuma mtu ng'ambo amwite mama wa yule msichana.

Mama alifika ofisini na tope miguuni. Nilitegemea shukrani, sitaficha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyejiandika mzazi wa mwanangu?" Nikaitikia. "Nani alikuruhusu? Yule nimemzaa mimi."

Nilimwomba radhi, na niliumia. Mwalimu mkuu akatabasamu, akamwambia aeleze yote, yaandikwe. Ndipo mama alipomgeukia yeye.

"Na wewe ulitaka kumchapa kwa sababu mimi nalima?"

"Huo ni utaratibu, mama."

Mama alivuta daftari jipya lililokuwa mezani. Akabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino wa muhuri, akaligandamiza chini ya ukurasa mtupu. Akafunua wa pili. Akafunua wa tatu.

"Mama, huwezi kusaini karatasi tupu!"

"Naweza. Dole ni langu." Akanisukumia daftari. "Usijiite mama yake tena, mwalimu. Mimi nipo. Akiumwa, hapo juu andika kinachomuuma."

Kabla ya kuvuka mto msimu uliofuata, wanawake walijipanga mlangoni kwangu, kila mmoja na daftari lake. Baada ya wiki chache uhamisho ukaja kweli, kwenda kijiji cha Mbingu. Madaftari nikamwachia mwalimu aliyepokea sanduku. Mbingu nako watu wanalima mpunga, kwa hiyo kabla sijapanda gari nilipita dukani nikanunua pedi ya wino.