Miti Isiyovuta Maji Jumapili

Nikipita soko la Ikutha hadi leo, lazima mtu aniulize kama miti yangu imeshatoka kanisani, na mimi hucheka naye, kwa sababu nikinuna watajua panaponiuma. Wacha niwaeleze mwenyewe basi, maana wanaoieleza sokoni wameigeuza kichekesho, na mimi nilikuwepo, haikuwa kichekesho.

Nilikuwa mlinzi wa mnara. Si wa simu (watu walikuwa wakinifuata mpaka nyumbani kunilaumu kwamba netiweki ni mbaya), bali mlingoti wa vyuma uliosimamishwa porini, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni, wenye vifaa vinavyopima jinsi ardhi inavyopumua: hewa ya kaboni ambayo majani huivuta na kuiachia, na mvuke wa maji unaopanda kutoka kwa miti na udongo. Chini pia kulikuwa na vipimo vilivyozikwa, vya kujua udongo una unyevu kiasi gani. Habari zote zilikwenda kwa mtandao mpaka kwa Kanini, msichana wa Makueni aliyekuwa akisomea digrii ya pili, na aliyekuwa na mnara mwingine upande wa Kambu uliomshika huko msimu mzima. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi, kupangusa vumbi kwenye sola, na kuandika daftari.

"Mutuku, andika kila kitu," aliniambia siku ananikabidhi funguo. "Hata mbuzi akikohoa karibu na ua, andika. Mimi sitakuwa hapa, wewe ndio macho yangu."

Sasa, mtu wa kwetu akiona ua wa waya ambao mbuzi hawezi kupenya, katikati ya kiangazi, haoni mnara, anaona shamba la sukuma wiki. (Sijitetei, lakini muulize yeyote pale Ikutha.) Ndani ya ua ule kote kulikuwa kugumu kama sakafu isipokuwa mahali pamoja, pale walipochimba kuzika vile vipimo, na udongo ukabaki laini. Nikapanda mistari minne. Nikaziepuka nyaya kwa uangalifu mkubwa na kujiona mtu wa busara, kwa sababu niliwaza hivi: mashine inapima hewa, hewa iko juu, sukuma iko chini, hivi vitu viwili vitajuana wapi?

Kila siku saa kumi na moja jioni nikishapangusa sola, niliimwagilia sukuma maji yaliyobaki pamoja na mtungi niliobeba kutoka nyumbani, kisha nikaketi kivulini na kuandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri: Hakuna jipya. Majirani walipouliza sukuma mbichi ya Agosti natoa wapi nilisema Kambu, na mke wangu Mwikali, ambaye hakujua kwamba hiyo ilikuwa siri, hakuwepo nikisema hivyo. Jumapili tu ndiyo sikumwagilia, maana sisi tukiingia kanisani asubuhi tunatoka giza linaingia.

Halafu siku moja Kanini akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mutuku, udongo wa hapo kwako unapata unyevu kila jioni, na hakuna mvua. Unajua ni nini hiyo?"

Nilijua kabisa.

"Ni hiyo miti ya hapo, migunga," akasema. "Mizizi inavuta maji huko chini kabisa, halafu jioni inayaachia juu. Nimeisoma tu kwa vitabu, sijawahi kuiona. Chuo kimenipa mpaka Desemba niwe nimemaliza, nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Umeona kitu chochote hapo?"

Hapo ndipo nilipokosea, si kwenye sukuma. Ningesema neno moja, angenikemea, angecheka, yangeisha. Lakini alifurahi sana na mimi nikaona haya, nikamwambia, "Mungu ni mwema." Ndivyo nilivyomjibu mtu aliyeniita macho yake.

Akaijenga kazi yake yote juu ya hiyo migunga. Septemba akaja pamoja na profesa wake, na kabla ya kwenda mnarani wakataka kwanza kuwaonyesha wenye mashamba walichogundua, ndani ya ukumbi wa kanisa letu. Nilikuwa nimepanga kung'oa ile sukuma alfajiri, nami nilikuwa njiani kwenda Mwikali aliponiita na kunikumbusha kwamba chakula cha wageni ni juu yake, sasa nikiing'oa atapika nini? Basi nikachuma nusu na kuiacha nusu, nikijiambia nitapata nafasi baadaye. Profesa alirudia sahani. Alisema hajakula sukuma tamu hivyo tangu kiangazi kianze, na mimi nikasema asante.

Baada ya chakula Kanini akawasha projekta na grafu ikatokea ukutani, mstari wa unyevu unaopanda kila jioni vilima vidogo vidogo, akaeleza polepole jinsi miti yetu, ile tunayoikata ovyo, inavyouamsha udongo kiangazi kizima. Watu walipiga makofi. Aling'aa. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, na kwa dakika kama mbili nilianza kuamini habari ya migunga mimi mwenyewe.

Ndipo Susu Syombua, ajuza anayekaa kiti cha mbele katika kila mkutano, akainua fimbo yake kuelekea ukutani.

"Mwalimu, niulize. Hivi vilima ni sita, halafu moja hakuna. Tena sita, moja hakuna. Hiyo siku ya saba miti huwanga wapi?"

Kanini akageuka kuitazama grafu yake. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Inaendanga kanisa," akasema mtu, na ukumbi mzima ukacheka, mchungaji mpaka akafuta machozi. "Miti imeokoka!"

Kanini hakucheka. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mutuku, Jumapili huwa kuna nini hapo?"

Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema, "Jumapili sola hulala."

"Sola inalala aje, na jua ni ile ile?" akauliza Susu Syombua.

Mwikali alikuwa akikusanya sahani. Masikini, alidhani nimesahau, akanisaidia.

"Baba Mwende, si ni sukuma? Jumapili hauendangi kumwagilia."

Kicheko kilichofuata bado nakisikia. Tulitembea mpaka mnarani, karibu ukumbi mzima, na njiani hakuna aliyenisemesha isipokuwa waliouliza kama Kambu imehamia porini. Nilifungua kufuli. Kanini akapiga magoti kwenye mistari yangu minne, akatia vidole udongoni, vikatoka na tope. Nilianza kung'oa yale mabua yaliyobaki.

"Wacha," akasema. "Itasaidia nini?"

Akaomba daftari. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa, na kila siku mwandiko wangu mzuri ulisema hakuna jipya.

"Ungeandika tu," akasema, bila hasira, na nilitamani sana angenipiga. "Ungeandika siku na mitungi, ningeyatoa hayo maji kwenye hesabu. Mutuku, mitungi ilikuwa mingapi? Kila siku ilikuwa sawa?"

Sikujua. Kuna siku mtungi ulijaa, kuna siku nusu, kuna siku niliongeza maji ya kuoshea vyombo. Nilisema sikumbuki, na huo ndio ukweli wa kwanza niliomwambia tangu kiangazi kianze.

Desemba ilipita bila Kanini kumaliza. Alirudia kupima mwaka uliofuata, na mlinzi sasa ni mkaza mwana wa Susu Syombua, ambaye nasikia huandika hata kunguru akitua. Mimi sijapanda sukuma tena, na nikiikuta mezani kwa watu nasema nimeshiba. Siku hizi mtu akiniamini na jambo, namwambia mabaya yangu kwanza, hata yale ambayo hajauliza.

Kanini alipohitimu alinitumia picha ya grafu yake kwenye simu, bila neno lolote. Mstari unaanza mwanzo wa mwaka ule wa sukuma, unakwenda vizuri, halafu kutoka Juni hadi Septemba hakuna mstari, ni karatasi nyeupe tupu. Sijaifuta. Mwikali aliiona akauliza mbona hapo katikati hakuna kitu, nikamwambia hapo katikati ni mimi.