Televisheni ya Rangi na Mgongo wa Mama

Picha ilianza kujikunja pembeni. Ilisinyaa kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto, ikabaki mstari, ikabaki nukta nyeupe katikati ya kioo, kisha nukta nayo ikaenda zake. Mtangazaji alikuwa ametoka kusema kwamba kwaya inayoingia uwanjani imetoka Nyeri. Dada yangu alikuwa katika hiyo kwaya. Mama alikuwa ameshainuka nusu kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, na nyumba imejaa majirani mpaka mlangoni. Mama akanyoosha kidole, akagusa kioo pale nukta ilipokuwa.

"Na sasa wanacheza," akasema.

Wa kuulizwa kwanza ni baba mdogo. Wa pili ni yule mwenye duka la redio pale Nyeri mjini. Majina yao siandiki, lakini wanajijua, na huku kwetu kila mtu anawajua.

Miaka hiyo stima ilikuwa ya watu wa mjini. Huku juu kwenye kahawa, televisheni ilikula betri ya gari, na betri ikiisha ilipelekwa sokoni, kwenye kituo cha petroli, ikachajiwa. Wanaume walitazama, wanawake walibeba. Kamba inapita kwenye paji la uso, mzigo unakaa mgongoni, kama kuni tu. Mimi shule niliiacha mapema kuchuma kahawa ya watu, lakini hilo sikuhitaji mwalimu anieleze. Nililiona kwa jirani.

Dada alipotuma habari kwamba wamechaguliwa kuimba Nairobi siku ya sikukuu ya taifa, na kwamba wataonyeshwa, mama aliuza ndama. Shanga za shingoni alizokwenda kuvaa dada, mama ndiye aliyezitunga, nyekundu, nyeupe na buluu, akikaza macho karibu na taa ya mafuta. Alitaka kuziona shingoni mwa binti yake. Hiyo tu.

Baba yetu alikuwa ameshakufa, na kwetu mjane hanunui kitu kikubwa bila ndugu wa mume kuja kuchagua. Basi baba mdogo akaja na koti lake la kanisani, tukaenda naye.

Dukani zilikuwa mbili zinawaka. Moja ndogo, ya nyeusi na nyeupe. Nyingine ya rangi, na kubwa. Mama hakutazama mbele. Alizunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye mgongo wa ile ndogo, akakiacha hapo, kisha akahamia ile kubwa. Akarudi ndogo.

"Mama, hiyo si ng'ombe, usiipapase," mwenye duka akamwambia. Watu wakacheka.

"Ng'ombe akiwa mlafi, anayekwenda kukata nyasi ni mimi," mama akajibu. "Hii kubwa ina joto kama jiko. Joto hilo linatoka wapi kama si kwa betri?"

Mwenye duka akamgeukia baba mdogo, kama vile mama ameshatoka nje. "Mzee, hii ni mpya. Haikulangi betri. Zote zinakula sawa."

"Umesikia, shemeji?" baba mdogo akasema. "Na hapa utaziona shanga zako na rangi zake."

"Rangi nazijua, nilizitunga mwenyewe. Mimi nataka kuziona zikicheza. Tuchukue ndogo."

"Ndogo ni ya watoto. Ati watu waje kwa ndugu yangu waone sanduku la mazishi?"

Tukachukua ya rangi.

Mama aliipenda hata hivyo, sitasema uongo. Aliishonea kitambaa cha kuifunika. Mtangazaji akisema habari ya jioni, mama alimwitikia, "Nzuri, na kwako?" Gauni lake la kijani lilitoboka mgongoni kwa yale maji makali ya betri, nikamwambia alitupe, akasema sasa linaingiza hewa, kubeba kumekuwa rahisi. Alikuwa mtu wa hivyo. Ungemkasirikia ukajikuta unacheka.

Kwa ajili ya sikukuu alikwenda sokoni akaileta betri imejaa. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, baba mdogo akaingia na wenzake kuangalia mpira.

"Shemeji, betri tuiweke ya kesho," mama akamwomba. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Wewe na hiyo betri! Si umeambiwa haikulangi?"

Wakaangalia mpira wote, mpaka maneno ya baadaye ya wachezaji. Kesho yake mmeshajua.

Krismasi dada alipokuja, mama alimvalisha shanga, akamsimamisha kando ya televisheni iliyozimwa, akamwambia aimbe na acheze hapo hapo. Dada akacheza. Mama akapiga makofi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kilikuwa kitu kizuri. Lakini uwanja haukuwepo, na zile kwaya nyingine, na umati. Alikufa hajauona.

Juzi nilitaka kununua televisheni mpya. Stima tuko nayo sasa, na bili yake pia. Nikamkuta baba mdogo kwenye harusi, mzee wa fimbo, akaniambia mbele ya watu, "Chukua ile haili stima. Usiwe kama mama yako, aliyesahau kuchaji betri siku ya kwaya."

Aliyesahau. Watu wakacheka kidogo, kwa heshima ya mzee.

Mimi nilinunua ndogo, nikaweka kiganja mgongoni kwanza. Mwenye duka wewe, ungali hai na duka lako ninalipita. Wewe utanieleza ulijuaje kwamba zinakula sawa. Na wewe baba mdogo, majirani waliokuwa mlangoni siku ile bado wapo wengine. Nitapika chai, nitawaita. Njoo ukae kwenye kigoda cha mama, uwaambie ni nani aliyeimaliza ile betri.