Gari Linalokataliwa na Marehemu

Baba yangu, Dalmas Oduor, alikuwa mtu aliyechoka. Sisemi mvivu. Alichoka kama jembe linalochoka, kwa kutumika kila siku, na pikapu yake ya bluu ilichoka pamoja naye. Hata kukohoa kwao asubuhi kulifanana. Kazi yao ilikuwa kubeba maiti. Wanamchukua marehemu mochari ya Kisumu, wanamfikisha kwao, Siaya au Busia au kokote, halafu wanarudi na gari tupu.

Kwa kuwa alikuwa ameanza kusinzia kwenye usukani, Mama alisema niwe nakaa kando yake. Shule nilikuwa nimeachia darasa la nne, kwa hivyo nafasi nilikuwa nayo. Kazi yangu ilikuwa kumtazama macho. Yakianza kufumba, namwuliza jambo lolote. Mara nyingi niliuliza juu ya gari, na ndivyo nilivyoujua ugonjwa wake.

Asubuhi liliwaka vizuri. Likishika kilima na injini ikichemka, linaanza kukatakata, kisha linazima. Baba alibadilisha plagi. Akasugua pointi kwa msasa, vile vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta, kigawanya umeme cha injini, ambavyo hugusana na kuachana ili cheche ipatikane. Akafunga kondensa mpya. Wapi. Ikabaki koili, kile kikopo kinachoutia nguvu umeme wa betri mpaka uruke kwenye plagi. Koili ikizeeka, joto linaimaliza, ikipoa, inafufuka. Baba alikuwa hajapata nyingine. Na pale mochari watu walishaanza kusema kwamba gari la Oduor marehemu hulikataa. Neno kama hilo likishika, hakuna familia itakayokuita tena.

Siku ninayoisema, mwaka wa tisini na moja, tulimbeba marehemu Mama Nasambu kumpeleka Port Victoria. Nyuma, kando ya jeneza, walikaa jamaa zake. Kulikuwa na wifi yake, Nabalayo, mwanamke mwenye sauti, na mtoto wa pekee wa marehemu, Wakhisi, fundi wa nguo hapo mjini. Mama yake alilazwa wadi mpaka akafa, na kijana hakuonekana kumtazama hata siku moja. Hilo nililisikia wakati wanapakia.

Tukapita Otonglo, tukapita Kisian, tukaanza kupanda kwenda Maseno. Katikati ya kilima gari likazima. Baba aliliegesha kando, akaweka paji la uso kwenye usukani kidogo, halafu akashuka. Alichomoa waya wa plagi moja, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaniambia nizungushe ufunguo. Cheche ilikuwa ya njano, nyembamba kama uzi. Aliniambia inafaa iwe ya bluu na ilie. Kisha akagusa koili, akauondoa mkono haraka.

Akawaeleza jamaa kwamba koili imepata moto, tungoje ipoe. Nabalayo aliuliza koili ni nini. Baba akaeleza yote, na mama yule akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi sijaona koili inayochagua siku ya matanga," akasema. "Wifi yangu anakataa kwenda. Na anayemfanya akatae tumekaa naye hapa."

Wote wakamtazama Wakhisi. Yeye alitazama viatu vyake. Mzee mmoja akajaribu kupoza mambo, akasema hata akiwa mzima marehemu hakupenda safari ya moja kwa moja, alikuwa akishuka kila soko kusalimia watu. Wachache walicheka.

Koili ikapoa, tukaondoka. Kabla ya kufika Yala gari likazima tena. Baba akafungua boneti, akaenda vichakani kujisaidia. Nabalayo alikuwa na chupa ya maji yaliyoombewa kanisani kwao. Alichuma tawi, akalichovya, akarashia injini yote huku anaomba, na hakurashia kidogo. Nilitaka kusema kitu. Lakini mtu anaomba, utamwambia nini?

Baba aliporudi tukazungusha ufunguo, na safari hii hata ile cheche ya njano haikuwepo. Akafungua kifuniko cha distribyuta. Ndani kulikuwa na maji. Aliyatazama muda mrefu, hakumwuliza mtu, akavuta pindo la shati lake na kuanza kupangusa.

Huko nyuma Nabalayo alikuwa amemshika Wakhisi mkono, amemsimamisha mbele ya jeneza.

"Ongea na mama yako. Watu wasikie."

Wakhisi aliweka kiganja kwenye jeneza. Kisha nikamsikia. "Mama, nilikuja mpaka mlango wa wadi. Nikakuona kwa mbali vile ulikuwa umeisha. Nikaogopa, nikarudi." Akavuta kamasi. "Twende nyumbani sasa."

Baba alikuwa amerudisha kifuniko. Akanipa ishara, nikazungusha ufunguo, injini ikawaka.

"Mmeona," Nabalayo akasema, polepole.

Njia nzima iliyobaki nilimtazama Baba. Nilielewa bahati iliyomwangukia. Kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe hakuwa gari. Mochari wangesikia kwamba mama alikuwa anamgomea mwanawe, na jina la Oduor lingetakata. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko alikokuweza. Siku hiyo macho yake hayakufumba.

Tulifika jua likielekea kuzama. Jeneza liliposhushwa, Nabalayo aliwasimulia wazee wa ukoo yote. Wakakaa, wakaamua kwamba Wakhisi hatatupa udongo kwenye kaburi la mama yake mpaka atakaswe kwanza. Wakhisi alisikiliza akiwa amechuchumaa ukutani. Baba alikuwa ameshapewa kiti na maji ya kunawa. Hakunawa. Aliinuka akishika magoti.

"Wazee, mniwie radhi. Mama hakumkataa mtoto wake. Ni koili yangu, imezeeka, ikipata joto inakufa. Na mara ya pili ni maji yaliingia mahali hayatakiwi."

Nabalayo akamgeukia. "Dereva, unajua unasema nini juu ya gari yako mwenyewe?"

"Najua, Mama."

"Nani atakuita tena?"

"Nimechoka, Mama. Kijana aachwe azike."

Wazee walinong'onezana. Mmoja wao alisema mtu hawezi kulisingizia gari linalomlisha. Kesho yake Wakhisi alitupa udongo pamoja na wenzake. Hakuja kutushukuru. Alikuja tu wakati Baba anaangalia injini, akamshikia boneti kwa mikono miwili mpaka akamaliza.

Wiki iliyofuata tuliegesha mochari kama kawaida. Familia ya kwanza ilitoka, mtu akawanong'oneza, wakapita mbele yetu kwenda kwenye gari jingine. Ya pili vilevile. Saa sita Baba akasema twende Kisian, alisikia kuna watu wanatafuta gari la kubeba mchanga.