Mawingu ya Saa Kumi

Mwoga ni mwoga, lakini Vasta alizidi. Mimi Yudesi nashona nguo hapa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, barabara ya hospitali, ukuta kwa ukuta na studio yake ya picha, na miaka yote hiyo sijaona mtu anayejua mawingu kama yule mwanamke. Wenzake wanaangalia bei ya faranga za Kongo, yeye anaangalia mlima. Wingu likianza kushuka, hata kama anampiga mteja picha ya pasipoti, anamwacha na tabasamu lake juu ya kiti na kukimbilia ukutani. Chomoa kompyuta, chomoa printa, chomoa redio. Kisha anafunika kompyuta kwa kitenge na kuingia chini ya meza.

Sisi wote hapa tunachomoa, usidhani sisi ni majasiri. Ila wengine tunangoja kwanza tusikie ngurumo. Nilikuwa namcheka usoni. "Vasta wee, radi ina kazi nyingi, haina haja na wewe!" Naye ananijibu kutoka chini kule, "Cheka tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Kilio alikijua. Alipokuwa msichana, kwao Bwesumbu juu mlimani, kaka yake Masereka alikuwa amechutama anapuliza moto jikoni, na Vasta amesimama mlangoni na kikombe cha kumpa. Radi ikaingia. Kikombe kilibaki mkononi mwake kizima. Hiyo habari alinieleza mara moja tu, na sikumwomba airudie.

Sasa, mwaka 2015 kazi yake ilikuwa imekua. Harusi, mazishi, ubatizo, Wakongo wanaovuka kuja sokoni, picha za watu wote zilikaa ndani ya kompyuta moja. Ronnie, mtoto wa dada yake, fundi wa kompyuta mjini Kasese, akamletea kidude cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Diski ya nje, alisema. Akaipanga kompyuta ili kila siku saa kumi jioni, wateja wakishapungua, inakili picha zote yenyewe kwenye ile diski.

"Mama mdogo, usiguse kitu," alimwambia. "Saa kumi ikifika itajifanyia yenyewe. Diski isipokuwepo, inaacha mpaka kesho. Taa ikiacha kupepesa, chomoa diski uende nayo nyumbani. Hata studio ikiungua, picha za watu unazo."

Vasta alifurahi mpaka akaniletea soda. Kila jioni niliona akiifunga ile diski kwenye kitambaa na kuilaza ndani ya kikapu taratibu, halafu anakwenda nyumbani roho imetulia.

Tuligombana kwa ajili ya hiyo diski mara moja. Mwezi wa sita alipanda Bwesumbu kumzika shangazi yake, akaniachia ufunguo na kompyuta inawaka, nichomoe mawingu yakija. Mawingu yakaja, mvua ikaja, nami nilikuwa na gauni la bibi harusi halina mikono, na bibi harusi mwenyewe amekaa ananitazama. Sikuchomoa kitu. Vasta aliporudi akakuta waya zote ukutani na ile diski imening'inia pale pale. Eh! Alinitukana barabarani, waendesha boda wakazima pikipiki wasikilize. "Unataka kuniua, Yudesi? Unataka kuniunguzia kazi?" Nikamwambia akamwulize Mungu kwa nini alimuumba na moyo wa kuku. Hatukusalimiana mpaka kanisani Jumapili.

Fidèle naye tulimjua wote. Alikuwa anauza mafuta ya mawese, anatoka upande wa Beni. Pasaka ya mwaka huo alikuja na binti yake mdogo, Mbambu, mtoto ameng'oka meno ya mbele na maneno hayamwishi. Nilimshonea gauni la manjano, Vasta akampiga picha nalo.

Mvua za mwezi wa kumi ndizo zilimrudisha Fidèle, bila madumu na bila mtoto. Alisimama kwenye mlango wa studio na viatu visivyofanana.

"Mama Vasta, ile foto ya mutoto, uko nayo?"

Watu wenye mapanga walikuwa wameingia kijijini kwao usiku. Mke wake hakutoka. Nyumba iliungua na ile picha ukutani. Yeye alikimbia na Mbambu mpaka mtoni mpakani, na pale watu walivyosukumana mkono wa mtoto ukachomoka katika mkono wake. Aliutazama mkono huo huku anatueleza.

"Banaotafuta batoto balisema nilete foto," akasema. "Ba Mbambu beko wengi sana, mama. Bila foto hawatamujua."

Nikamtazama Vasta, naye alikuwa anatazama mlima. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, na waya alikuwa ameshazichomoa zote.

"Iko ndani ya kompyuta, Baba Mbambu," akasema kwa sauti ndogo. "Kesho asubuhi. Kesho mapema kabisa."

"Vasta!" nikapiga kelele. "Washa hiyo mashine! Ni kazi ya dakika!"

Alijaribu, nisimsingizie. Aliushika waya, akaupeleka ukutani, ukagonga kando ya tundu, ukagonga tena. Ngurumo ikapiga juu ya hospitali. Waya ukaanguka, na yeye akaanguka nao.

"Siwezi. Yudesi, siwezi."

"Kesho basi, mama," akasema Fidèle. Hakugombana. Alikwenda kukaa kwenye baraza langu, akajikunyata pale.

Mvua ile haikuwa na adabu. Upepo uling'oa mabati ya studio, boriti moja ya paa ikashuka. Asubuhi tulikuta kompyuta imepondeka chini ya ile boriti, bado imefunikwa kitenge chake, maji yanachuruzika kutoka ndani. Fidèle alifika pamoja nasi. Alitazama, akakaa chini kwenye matope.

Vasta ndiye aliyepata akili kwanza. "Diski! Nilikwenda nayo nyumbani! Picha zote ziko nyumbani!" Mwanamke wa umri ule alikimbia barabara nzima, kikapu kikampiga mgongoni wakati wa kurudi. Tukampigia simu Ronnie, akapanda gari kutoka Kasese na laptopu yake. Tulimngoja katika chumba changu cha kushonea, na Vasta alimshika Fidèle mkono akirudia, "Utamwona, Baba Mbambu. Nilikuwa naitoa kila siku. Kila siku kabisa."

Ronnie alichomeka. Akatazama. Akachomoa, akachomeka tena.

"Mama mdogo, ulikuwa unaitoa saa ngapi?"

"Mawingu yakija."

"Na hapa mawingu yanakuja saa ngapi?"

Kasese kule chini jua linawaka tu, kijana hakufikiri. Hapa kwetu chini ya mlima, msimu wa mvua, saa tisa wingu linaanza kushuka, na saa tisa Vasta anachomoa. Msimu ukipita mazoea yanabaki, kawingu kadogo kakionekana anachomoa. Saa kumi kompyuta ilikuwa imelala kila siku. Kila jioni alikuwa anabeba diski tupu katika kikapu, ameifunika vizuri.

Vasta alitoa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Niliogopa. Nasema wazi, mimi Yudesi niliyemcheka mwenzangu miaka yote, nilishika cherehani. Fidèle hakuelewa kitu. Alikuwa anatazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu amwambie.

"Ngoja," Ronnie akasema. "Iko moja. Ilinakili siku moja tu. Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita kulikuwa na nini?" Ronnie akauliza tena.

Vasta akanigeukia polepole. Nikamtazama, naye akanitazama.

"Gauni la bibi harusi," nikasema.

Ronnie alifungua harusi, akafungua mazishi, akafungua ubatizo. Kisha Pasaka. Mbambu alikuwa pale, gauni la manjano, kinywa wazi hana meno, kwa sababu alikataa kunyamaza hata wakati wa kupigwa picha.

Fidèle aliweka kiganja juu ya kioo cha laptopu na hakukiondoa. Ronnie alilazimika kumwomba, ndipo akaenda kuichapa ile picha.

Wale wanaotafuta watoto walimpata Mbambu Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Mama mmoja mchota chumvi alikuwa amemchukua barabarani. Mtoto alikuwa haongei kabisa, hata jina lake hakulisema, na bila ile picha nani angemjua? Fidèle alimleta Bwera atushukuru. Vasta alikuwa na mabati mapya na kompyuta nyingine, na Ronnie alikuwa amehamisha ile kazi ya kunakili ifanyike asubuhi.

Tulikuwa tumekaa studioni tunakunywa chai wakati wingu liliposhuka. Ngurumo ilipopiga, Mbambu aliruka na kuingia chini ya meza, akaziba masikio, macho hayafumbi. Fidèle akamwita, hakutoka. Na Vasta, ambaye saa hiyo angekuwa ukutani, aliiacha kompyuta inawaka, akaacha printa, akaacha redio inaimba. Akaingia chini ya meza akamkumbatia yule mtoto, yeye mwenyewe anatetemeka mpaka vikombe vinagongana juu.

"Ni mvua tu, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Ni mvua tu hiyo."

Radi ikapasua karibu na hospitali. Nikainuka mbio mimi, nikachomoa waya zote.