Mukwe Aliyelenga Pembeni

Mnisamehe, kisa hiki kinataka mikono miwili na sauti, na gazeti halina. Jumapili, kando ya ziwa, familia mbili zinazongojea harusi zilikuwa zinacheza vita kwa bunduki za vidonge vya rangi. Mama mukwe, kikwembe cha kitenge kimefungwa kiunoni, alisogelea bendera ya upande wa bwana harusi, na kijana huyo akawa anafyatua na kumkosa kila mara. Mimi, mtazamaji tu, nikamuonea huruma, nikapaza sauti.

"Inua mudomo wa bunduki! Bana pumzi, vuta polepole!"

"Papa, siwezi!"

"Unaweza! Piga!"

Akatii. Rangi ya bluu ikapasuka katikati ya kikwembe.

Kwao mukwe hata mkono hampi mama mukwe. Kumbe muda wote alilenga vizuri sana: alilenga kumkosa.

"Nani alimufundisha mukwe wangu kulenga?" mama akauliza.

Kijana alinyamaza kwa heshima. Mimi pia nilinyamaza, ila nilikuwa nimechelewa risasi moja.