Dorca Aikosa Harusi ya Mbita

Dorca Amolo, muuza samaki wa Luanda Kotieno, alikuwa na kanuni ambayo hakuwahi kuivunja: harusi ya ndugu haikosi. Asubuhi moja ya mwaka 1988 alifika kliniki amevaa gauni lake la sherehe, mwanawe Opiyo wa miezi tisa mgongoni. Mdogo wake Rosa alikuwa anaolewa kesho yake ng'ambo ya ziwa, Mbita. Boti ilikuwa karibu kuondoka. Surua nayo ilikuwa imeingia boma lile lile la harusi.

"Mchome upesi, Sista. Akishachomwa, surua haimpati."

Muuguzi Maximilla, asiyejua kubembeleza mtu, alimchoma mtoto, kisha akasema, "Leo bado hana kinga. Usivuke naye kabla ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Kwani dawa yako inatembea kwa miguu?"

Kina mama kwenye foleni wakaangua kicheko.

"Dorca," Maximilla akauliza, "mitumbwi ya samaki ikitia nanga, wewe hununua kwa nani?"

"Kwa Oketch. Kila mwanamke ana mtumbwi wake, si unajua?"

"Basi mwilini mwa Opiyo mna seli B, chembe za damu za kupambana na maradhi, nyingi mno, na kila moja humjua adui wake tu. Wengine wakipita, haishtuki. Nimemtia kirusi cha surua kilichodhoofishwa. Seli inayokijua itaamka, izaliane, na watoto wake watengeneze kingamwili za kumnasa adui kabla hajaleta madhara. Hiyo kazi inataka siku."

"Yaani mtumbwi ndio kwanza umeonekana, na mwanamke wake hajawaita dada zake waje na mabeseni?" Dorca akauliza.

"Hapo hapo! Na soko likiisha, wachache watabaki ufuoni wakiangalia. Surua yenyewe ikija, itawakuta macho."

"Si ungesema hivyo mwanzoni, Mama, badala ya kunikazia uso kama askari jela!"

Hata Maximilla alicheka.

Opiyo alikuwa bado ananyonya, asingeweza kuachwa nyumbani. Wako wanaoshika kanuni kwa sababu inawaletea sifa. Dorca aliivunja yake hadharani, boti ikinguruma. Alimkabidhi jirani yake Milka, aliyekuwa anavuka, zawadi ya bibi harusi, akarudi nyumbani kuvua gauni.

Opiyo hakuugua. Rosa aliolewa bila dada yake kando yake, na hakumsemesha Dorca mpaka yeye mwenyewe alipopata mtoto.