Nusu Nyekundu ya Ngome

Harufu ya majani ya chai yanaponyaushwa kiwandani hunipandisha hasira hata leo. Wageni wakifika Kericho huvuta pumzi na kusema ni harufu tamu, na kweli ni tamu, lakini kwangu mimi huja pamoja na harufu ya udongo mbichi na masizi ya sufuria, na Agosti ile niliyokuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, safu ndefu za vyumba tulizoziita laini. Kisii, Luhya, Luo na Kipsigis tulikaa ukuta kwa ukuta, hata jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Mama alichuma chai. Mvua ilinyesha kila alasiri, na sisi watoto tulishinda sokoni tukitafuta la kutazama.

La kutazama lilikuwa kwenye banda la Kip, kijana aliyekuwa na runinga moja na gemu moja. Ndugu yangu Evans, anayenizidi mwaka mmoja, alikaa humo likizo nzima. Mimi nilikomea mlangoni. "Nyaboke, enda usaidie mamako kuosha vyombo," Kip aliniambia. "Hapa ni ya wanaume." Mwanaume mkubwa kuliko wote mle ndani, ukimtoa Kip mwenyewe, alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa bado analilia pipi. Nikazunguka nyuma, nikapata tundu la msumari kwenye bati, nikatia jicho. Niliona ngome nyeusi yenye minara, ngazi zinazojipinda na daraja la minyororo. Wao walikuwa wanapigana. Mimi nilikuwa naangalia jinsi ukuta ulivyoshikana na mnara. Lakini niliona nusu ya kushoto tu. Ya kulia ilizibwa na mgongo wa Kip, na Kip hakuwa mtu wa kuinuka kitini bila sababu.

Niliamua kuijenga. Nilichota udongo mwekundu kijitoni chini ya michai, nikaufinyanga kwa kidroo cha kibiriti, tofali moja moja. Kwa sababu ya mvua niliyaanika juu ya dari ya jikoni na chini ya kitanda, kisha nikayachoma kwenye majivu ya moto. Mama alikanyaga machache akiamka alfajiri, akasema nyumba hii itakuwa kaburi lake. Matofali ya ngome niliyasugua masizi yakawa meusi. Nilipofika katikati nikamuuliza Evans, upande wa kulia kuna nini? Akafikiri. "Kuna maadui," akasema. Alikuwa amecheza wiki tatu na hajawahi kuuona ule ukuta.

Basi upande wa kulia nikajenga kwetu. Nilijenga laini yetu, milango yake sita, bomba la maji na foleni ya mitungi, kamba ya nguo, jiko la mama. Hayo matofali sikuyapaka kitu, nikayaacha mekundu, na pale katikati nikayapandanisha na meusi kama mafundi wanavyopandanisha pembe za nyumba, ili upande mmoja usimame kwa nguvu za mwenzake. Wavulana walikuja kucheka. "Adui anaingia ngome anapata mama yako anapika ugali," mmoja alisema, na mimi nikaona kwamba hiyo ndiyo gemu ningependa kucheza.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alisikia habari zake, akaitaka kwa maonyesho ya siku ya wageni. Niliibeba na Evans juu ya ubao, hatua kwa hatua, tukipita kwenye matope. Tulipofika, mwalimu akapima kabati la kioo la ofisini kwa macho, akatuma mtu alete msumeno. "Hii nyekundu ni nini?" akauliza. Nikamwambia ni kwetu. "Kwenu hakuko kwenye gemu," akasema, na akakata ubao katikati mbele yangu, matofali yakianguka sakafuni kama meno. Kisha akaandika kadi: Evans, darasa la sita. Nikasema nimejenga mimi. Alitabasamu vile watu wazima hutabasamu. "Wasichana wanachezea gemu wapi?" Nikamwangalia Evans. Evans akaangalia viatu vyake. Siku ya wageni alipanda jukwaani akapigiwa makofi. Jioni mama akaniambia ninyamaze, ni yetu sote, yule ni ndugu yako. Nilinyamaza. Miaka miwili baadaye niliacha shule, na kila aliyeniuliza kwa nini nilimpa sababu tofauti.

Tangu hapo nimezunguka. Nimemenya viazi hotelini Chepseon, nimetengeneza simu Sigor, nimejifunza kuchomelea vyuma kwa kuangalia tu, kama kupitia tundu. Mwaka huu nilipita nyumbani. Mashine ndizo zinazochuma chai sasa, mama alisharudi Kisii, na laini yetu imebomolewa. Pamebaki nyasi na bomba lisilo na maji. Nikaenda shuleni. Ngome yangu ingali kabatini, kadi ya Evans mbele yake, upande uliokatwa umegeuziwa ukutani. "Alijenga kijana mmoja wa hapa," karani akaniambia. "Alikuwa na kichwa." Kabati halikuwa na kufuli. Nikalifungua, nikaigeuza ngome, ile safu ya matofali mekundu yaliyobaki ikatazama mlangoni.

"Madam, hiyo haiguswi."

"Nimeigusa kabla yako," nikamwambia.

Nilimpigia Evans nikiwa uani, nikamwambia ngome ingali kabatini na kadi yake. Yuko Uarabuni, anaendesha lori. "Bado una hasira na hiyo kitu ya matope?" akauliza, akicheka. Nikamwambia ndiyo. Akaacha kucheka. "Lakini ilikuwa kitambo, Nyaboke." Nilikuwa nimefika getini. Nikatazama nyuma, na kupitia dirishani nikamwona karani akiirudisha ilivyokuwa, ukuta mweusi mbele, kwetu nyuma. Nikakata simu, nikarudi ndani.